Mbegu Inataka Maji, Mmea Hauyataki: Kuotesha Dikondra ya Fedha

Dikondra ya fedha, mmea unaotambaa na kufunika ardhi kama zulia, inasifiwa kwa kuvumilia ukame. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini imeua miche mingi kuliko jua lenyewe. Mtu ananunua mbegu akiwa ameshaamini kwamba huu ni mmea usiohitaji maji. Anaitawanya juu ya udongo, anainyunyizia kidogo, na kufikia siku ya tatu trei imekauka. Mbegu ilikuwa imeshafyonza maji ya kuiamsha na ganda limeanza kupasuka. Ikikauka hapo haiamki tena. Mwingine aliyeonywa anakimbilia upande wa pili: anailowesha trei kuanzia siku ya kwanza mpaka wiki ya tano, na miche inaoza shingoni mmoja baada ya mwingine.

Kinachovumilia ukame ni mizizi iliyoshuka chini na vinywele vya majani. Mbegu haina mizizi wala vinywele, na mche wa siku kumi unavyo kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo kazi yote ya kuotesha mmea huu ni kuutoa kwenye maji mengi na kuupeleka kwenye maji machache, kwa mwendo ambao mizizi inaweza kuufuata. Anayeelewa hilo atarekebisha mengine yote mwenyewe, hata kama udongo wake na hali yake ya hewa havifanani na vya mwenzake.

Jina lake la kitaalamu ni Dichondra argentea. Neno la pili ni Kilatini, maana yake "ya fedha". La kwanza limetoka kwenye Kigiriki na linamaanisha punje mbili, kwa sababu tunda lake dogo limegawanyika sehemu mbili. Kwao ni nyanda kavu za kusini-magharibi mwa Marekani na Mexico, na wanasayansi Humboldt na Bonpland, waliozunguka bara la Amerika kuanzia 1799 hadi 1804, ni miongoni mwa walioubebesha mmea huu jina hilo. Ni ndugu wa kiazi kitamu. Undugu huo unauona mara tu marando yanapoanza kutambaa, kwa kuwa kila kifundo kinachogusa udongo kinashika mizizi yake, kama marando ya viazi yanavyofanya. Majani ni ya duara lililobonyea kama figo, mengi yakiwa na upana wa sentimita 1 hadi 2.5. Mmea ukilala chini haupandi zaidi ya sentimita 5 hadi 10. Ukiuning'iniza kwenye chungu marando yanashuka zaidi ya mita moja.

Rangi ya fedha si rangi ya jani. Jani lenyewe ni la kijani, ila limefunikwa na vinywele laini vilivyolala na kuakisi mwanga. Vinywele hivyo vinapunguza joto linaloingia kwenye jani, na pia vinazuia upepo usipite moja kwa moja kwenye vitundu vya jani na kunyakua unyevu. Fedha na uvumilivu wa ukame ni kitu kimoja. Ndiyo maana dikondra iliyopandwa kivulini, au iliyolishwa mbolea nyingi na kunyweshwa kila siku, inageuka ya kijani-kijivu na kulegea. Ukiona fedha inafifia, ujue na uvumilivu unapungua.

Kabla ya kugusa udongo, hakikisha mbegu ulizonazo ni zenyewe. Kosa hili ni la kawaida, na linauma kwa sababu huligundui mpaka wiki kadhaa zipite. Mbegu za dikondra zinazouzwa kwa uzito, zile za kutengenezea uwanja mahali pa nyasi, ni za spishi nyingine. Mara nyingi pakiti inasema Dichondra repens, na mara nyingi kilichomo ni Dichondra micrantha. Zote mbili ni za kijani, zinapenda unyevu, na haziwezi kuchukua nafasi ya dikondra ya fedha kwenye eneo kavu hata ukizitunza namna gani. Tafuta neno argentea kwenye pakiti. Aina inayopatikana zaidi inaitwa 'Silver Falls'. Kuna nyingine inayoitwa 'Emerald Falls', na hiyo ni ya kijani.

Kuna mbegu tupu na kuna mbegu zilizovikwa. Mbegu tupu ni ndogo, ngumu, na baadhi yake zina ganda lisilopitisha maji, jambo la kawaida katika ukoo huu wa mimea. Zilizovikwa zimefunikwa kwa unga wa udongo mpaka zikawa vidonge vya duara, ili zishikike kwa urahisi. Kila aina ina utaratibu wake, na ukizichanganya taratibu hizo utaharibu.

Mbegu tupu zilowekwe. Weka maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, yale ambayo kidole kinavumilia bila shida, tia mbegu, acha kwa saa 12 hadi 24. Zilizonyonya maji zitavimba na utaziona tofauti na wenzake. Ambazo bado ni ndogo na ngumu zitoe, zikaushe kwa kitambaa, zipitishe mara mbili tatu kati ya vipande viwili vya msasa laini, kisha zirudishe kwenye maji kwa saa nyingine 12. Lengo ni kukwaruza ganda tu. Ukiona weupe wa ndani umetokeza, umeshapita kiasi na huenda umejeruhi kiini. Zilizovimba zipandwe siku hiyohiyo. Ziko hai tayari, na kuzikausha tena ni kuziua.

Mbegu zilizovikwa usiziloweke kwenye kikombe kamwe. Kidonge kitayeyuka kuwa uji, na utabaki na matope yenye mbegu usizoweza kuzishika. Zinakwenda kwenye udongo zikiwa kavu, na kisha zinahitaji maji mengi ya kwanza ili kidonge kipasuke kabisa. Kidonge kilicholowa nusu kinageuka ganda la pili linalobana mbegu, na hicho ndicho chanzo cha malalamiko mengi ya "mbegu hazikuota". Vilevile usizihifadhi muda mrefu. Zipandwe ndani ya msimu uleule ulipozinunua, na zinazobaki zikae kwenye chupa iliyofungwa vizuri, mahali pakavu na baridi.

Trei na udongo wake

Usipande moja kwa moja bustanini. Inawezekana, lakini mbegu hii inachukua wiki nyingi kuwa mche wenye nguvu, na katika muda huo magugu yatakuwa yameshautawala uwanja. Tumia trei yenye matundu. Ya matundu 72 au 128 inafaa. Matundu makubwa zaidi yanashika maji mengi kuliko ambayo mzizi mdogo unaweza kuyanywa, na maji yasiyonywewa ndiyo yanayoozesha.

Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri ni sehemu mbili za kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyosuuzwa na sehemu moja ya perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba uliochomwa), kwa ujazo. Kokopiti isuuzwe kwa maji safi mara mbili au tatu, kwa sababu nyingine ina chumvi nyingi na mche wa dikondra hauivumilii ukiwa mdogo. Kama huna perlaiti, mchanga wa mto wenye punje kubwa, uliooshwa, unasaidia, ingawa trei inakuwa nzito. Usitie mboji wala samadi hatua hii. Mbegu ina chakula chake cha siku za mwanzo, na vitu vinavyooza vinaleta kuvu na vijinzi vya udongo ambavyo mabuu yao hula mizizi michanga. Uchachu wa mchanganyiko uwe pH 5.5 hadi 6.2. Namba hiyo ya pH ikizidi sana hapo, mche unashindwa kuchukua madini ya chuma na majani machanga yanakuwa ya manjano, mishipa ikibaki ya kijani.

Lowesha mchanganyiko kabla ya kujaza trei. Kamata konzi moja ukamue: matone machache yakipenya kati ya vidole, umepata. Yakitiririka, umezidisha, yasipotoka kabisa, ongeza. Kokopiti kavu ikishajazwa kwenye matundu inakataa maji. Yanapita pembeni na kutoka chini huku katikati pakibaki pakavu. Jaza bila kushindilia, gonga trei mezani mara mbili ili udongo ushuke, kisha ongeza panapopungua.

Weka mbegu 3 au 4 kwa kila tundu. Hapa wengi wanaogopa kubananisha, lakini mche mmoja wa dikondra ni mwembamba mno na unachukua muda mrefu kujaza nafasi. Mitatu iliyoota pamoja inakwenda bustanini kama kishada kimoja, na haisumbuani kwa sababu kila mmoja unatupa marando upande wake. Usiitenganishe baadaye. Mizizi yake ni laini na ukiichambua utaikata.

Funika kwa vemikulaiti laini (madini mepesi yanayoshika unyevu), unene wa milimita 3 hivi. Mbegu hii haihitaji mwanga ili iote, ila inahitaji unyevu pande zote, na vemikulaiti inaushika huku ikiacha hewa ipite. Kina cha sentimita moja ni kirefu mno: mche unachoka kabla ya kufika juu, au unaozea njiani. Nyunyizia kwa matone madogo sana mpaka maji yatokeze chini ya trei. Kwa mbegu zilizovikwa, subiri nusu saa urudie.

Siku kumi za kwanza

Joto la udongo liwe nyuzi 22 hadi 24. Nasema udongo, si hewa. Trei iliyolowa hupoa kwa sababu maji yanapovukizwa yanachukua joto, hivyo chumba chenye nyuzi 22 kinaweza kuwa na trei yenye nyuzi 19. Chomeka kipimajoto kwenye tundu. Chini ya nyuzi 18 mbegu zinasuasua, na kadiri zinavyokaa kwenye unyevu bila kuota ndivyo kuvu inavyopata nafasi.

Funika trei kwa plastiki angavu au kifuniko chake, na iweke mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Hili la jua ni la kuzingatia sana. Plastiki juani inapandisha joto kupita nyuzi 40 kwa muda mfupi, na mbegu zinapikika. Kwa kuwa hakuna kinachoonekana juu ya udongo, mtu anasubiri wiki tatu akinyunyizia trei ya mbegu zilizokufa.

Siku hizi ndizo za maji. Udongo uwe umelowa, vemikulaiti iwe na rangi nzito wakati wote. Angalia asubuhi na jioni, na ukiona kona zimeanza kupauka nyunyizia hapohapo. Kona na kingo hukauka kwanza, kwa hiyo usiangalie katikati tu.

Miche ya kwanza inatokeza kati ya siku ya 4 na ya 7, na wavivu wanafuata mpaka siku ya 14. Majani yake mawili ya mbegu ni ya kijani na hayafanani na dikondra hata kidogo. Usishtuke wala usidhani umeuziwa kitu kingine. Fedha inaonekana jani la kwanza halisi linapofunguka, na kama jani hilo nalo ni la kijani kitupu na laini bila vinywele, basi rudi ukaisome pakiti.

Nusu ya matundu yakishaota, ondoa kifuniko. Usingoje yote. Wanaongoja wanapoteza nusu iliyotangulia ili kuwahurumia waliochelewa. Ukiweza, kifungue kidogo siku ya kwanza, nusu siku ya pili, ukitoe kabisa siku ya tatu.

Kugeuza maji

Sasa ndio ule mpito niliousema mwanzoni, na ndipo stadi ya mwoteshaji inapopimwa.

Kuanzia kifuniko kinapotoka, acha uso wa udongo upauke kabla ya kumwagilia tena. Uso tu, sentimita moja hivi; chini bado pawe na unyevu. Inua trei kwa mikono miwili kila siku na ujifunze uzito wake ikiwa imelowa na ikiwa imekauka nusu. Baada ya siku tatu mikono yako itakuambia zaidi ya macho. Mzizi hukua kwa kufuata maji. Juu pakikauka kidogo na chini pakiwa na unyevu, mzizi unashuka. Pakiwa na maji kila mahali, mzizi hauna sababu ya kwenda popote, na huo ndio mche utakaokufa wiki ya kwanza bustanini.

Mwagilia kwa chini. Weka trei kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2, acha dakika 10 hadi 15, itoe, iache ichuruzike. Kumwagilia juu kunalaza miche, na maji yanayonaswa na vinywele hayakauki upesi. Madoa ya kahawia kwenye majani yanaanzia hapo. Kama huna beseni linaloenea, mwagilia asubuhi ili majani yakauke kabla ya usiku.

Adui mkubwa hapa ni kinyausi. Utamjua: mche uliokuwa mzima jana umelala leo, shina likiwa limesinyaa na kugeuka kahawia pale linapokutana na udongo, kama uzi uliobanwa. Asubuhi inayofuata imelala mitano zaidi, katika mduara. Hakuna dawa ya kuufufua mche uliolala. Toa tundu lote pamoja na udongo wake na matundu yanayolizunguka, acha trei ikauke zaidi ya ulivyozoea, ongeza hewa. Feni ndogo iliyoelekezwa juu ya miche, si kwenye miche, inafanya kazi kubwa. Kinyausi kinaletwa na kuvu waliomo kwenye udongo na trei chafu, kwa hiyo trei iliyotumika ioshwe kwa sabuni, iloweshwe dakika 10 kwenye sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, kisha isuuzwe. Ila hata trei safi haitakuokoa ukizidisha maji. Kuvu hawa wako kila mahali, na unyevu usiokauka ndio unaowapa nguvu.

Mwanga uwe mwingi kuanzia sasa. Mche unaorefuka huku majani yakiachana unalia njaa ya mwanga. Kama unatumia taa, iwe karibu, sentimita 10 hadi 15 juu ya miche kwa taa za LED zisizo kali, saa 14 kwa siku.

Chakula kianze jani la kwanza halisi likishafunguka vizuri. Chukua mbolea ya maji yenye virutubisho vyote, itie robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki. Ukiweza kuchagua, chagua ambayo naitrojeni yake nyingi ni ya naitreti kuliko ya amonia. Ile ya amonia inavuta majani makubwa, laini na ya kijani, kinyume kabisa cha unachotaka. Kingo za majani zikianza kuungua na uso wa udongo ukiota ukoko mweupe, ni chumvi ya mbolea: pitisha maji safi matupu mara mbili, kisha pumzisha mbolea wiki mbili.

Wiki ya 5 au ya 6 kishada kinatoka kwenye tundu na udongo wake ukiwa umeshikwa na mizizi. Hapo una njia mbili. Unaweza kukihamishia kwenye chungu cha sentimita 9 kwa wiki nyingine 4 hadi 6, au kukipeleka moja kwa moja bustanini. Mimi napendelea chungu. Mche wa tunduni una udongo wa ujazo wa vijiko vichache tu, na siku moja ya jua kali inatosha kuukausha kabisa. Mche wa chunguni unaweza kusahauliwa siku mbili ukapona. Kwenye chungu ongeza perlaiti au mchanga mkubwa ufike nusu ya ujazo, na punguza maji tena: sasa acha sentimita 2 hadi 3 za juu zikauke. Marando yakifika ukingo wa chungu, kata ncha mara moja ili yatoe matawi.

Kisha yazoeshe jua kwa siku 7 hadi 10. Saa moja ya jua la asubuhi siku ya kwanza, na kuongeza saa moja au mbili kila siku. Majani yaliyokulia ndani yana vinywele vichache. Ukiyatupa juani ghafla yanaungua na kuwa karatasi, na itabidi usubiri mapya.

Mahali pa kupanda

Jua la saa 6 au zaidi kwa siku, na udongo unaopitisha maji. Dikondra ya fedha inaishi kwenye udongo maskini, wa mawe, wa chokaa, wa mchanga. Haiishi kwenye udongo unaotuamisha maji. Pima: chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, liache lishuke, lijaze tena, kisha angalia yanashuka kiasi gani kwa saa. Sentimita 3 au zaidi kwa saa, panda. Yakibaki pale pale, usipande mpaka urekebishe.

Kurekebisha udongo wa mfinyanzi kwa kuchanganya mchanga kidogo ni kosa ninaloliona likirudiwa kila mara. Mfinyanzi na mchanga mchache vinashikamana kuwa kitu kama tofali. Inua tuta badala yake: sentimita 15 hadi 20 za udongo wa kichanga juu ya ule wa zamani, wenye mteremko kidogo ili maji ya mvua yaondoke. Samadi usiweke. Udongo wenye rutuba nyingi utakupa majani makubwa ya kijani na marando yanayolegea, kisha kuoza mvua zikija.

Magugu yashughulikiwe kabla, kwa sababu baadaye hutaweza. Marando yakishasukana, ukivuta gugu unang'oa na zulia. Lima eneo, mwagilia, subiri wiki mbili au tatu magugu yaote, yakwangue juu juu bila kuchimba, kisha rudia. Kila ukichimba unaleta mbegu nyingine juu. Ndago ni habari nyingine: kukwangua hakumuui, maana ana viazi vyake chini. Eneo lenye ndago lichimbwe na viazi viokotwe kwa mkono, msimu mzima ikibidi. Ukipanda dikondra juu ya ndago utapata zulia lililotobolewa na majani yenye ncha, na hakuna njia rahisi ya kuyatoa. Dawa za kuua magugu ya majani mapana, kama 2,4-D, zinaua dikondra pia. Kwa dawa hizo dikondra nayo ni gugu la majani mapana.

Nafasi kati ya mmea na mmea iwe sentimita 30. Hiyo ni mimea kama 11 kwa mita moja ya mraba, na eneo litafunikwa ndani ya msimu mmoja wa joto. Kwa sentimita 45 unatumia mimea 5 tu, ila utapalilia mara mbili zaidi. Kwenye mteremko ninaotaka uzibwe haraka ningeenda sentimita 25, mimea 16.

Panda jioni au siku ya mawingu. Shingo ya mmea ibaki juu kidogo ya usawa wa udongo, nusu sentimita, kwa sababu udongo uliochimbwa hushuka na shimo linageuka bakuli la maji. Tandaza marando kuelekea nafasi zilizo wazi na uyabane kwenye vifundo kwa waya uliopindwa kama herufi U. Usiliruke hili. Marando yanayopeperushwa na upepo hayashiki mizizi, na bila mizizi ya vifundo una mmea mmoja wenye nywele ndefu tu. Kila kifundo kinachoshika kinakuwa mmea unaojitegemea, na zulia linalovumilia ukame ni mamia ya mizizi hiyo.

Kwa matandazo, kokoto ndogo za milimita 5 hadi 10 zinafaa kuliko majani makavu, kwa kuwa zinakauka haraka chini ya shingo. Lakini ziwe tabaka jembamba la sentimita moja na nusu. Tabaka la sentimita 5 linazuia magugu vizuri sana, na linazuia vifundo kufika kwenye udongo vizuri vilevile.

Kisha maji yanapungua kwa mara ya mwisho. Wiki mbili za kwanza, lita moja kwa kila mmea kila baada ya siku mbili. Wiki ya tatu hadi ya sita, mara mbili kwa wiki. Baadaye kila siku 7 hadi 10, kwa wingi na kwa utulivu ili maji yashuke. Msimu wa kwanza ukipita, mwagilia pale mmea unapoomba: majani yanajikunja na kulala, fedha inakuwa hafifu. Dikondra iliyonyauka kwa kiu inainuka ndani ya saa chache baada ya kupata maji, hata ikiwa imeonekana imekufa. Ila kabla ya kumwagilia, chomeka kidole. Mmea ulionyauka huku udongo ukiwa umelowa una mizizi iliyooza, na maji yako yatakuwa ya kuumalizia. Kata marando ambayo bado ni mazima, yaoteshe kwingine, na uchimbue palipooza.

Wadudu si wengi. Konokono wanapenda miche michanga usiku, na sota (viwavi wanaojificha udongoni) wanaweza kukata shina usawa wa udongo. Pekua sentimita 2 za juu kuzunguka mmea uliokatwa na utamkuta amejikunja. Vipele vya rangi ya kutu chini ya majani ni ugonjwa wa kutu: kata sehemu hiyo, ondoa kabisa eneo hilo, acha hewa ipite. Sabuni na mafuta ya kunyunyizia wadudu hugandamiza vinywele na kuacha madoa, kwa hiyo jaribu kwenye jani moja na usubiri siku mbili. Jalidi kali inaunguza majani. Penye majira ya baridi ya kweli, lea mmea huu kwenye chungu na uuingize ndani.

Usiukanyage kila siku. Unavumilia hatua moja moja ya mpaliliaji, lakini palipo na njia ya kila siku marando yanapondeka na pengo halizibiki. Weka mawe ya kukanyagia na uuache ujaze kati yake.

Baada ya miaka miwili au mitatu zulia linanenepa, marando mapya yakilala juu ya ya zamani, na chini panakuwa pakavu na pa kahawia. Mwanzoni mwa msimu wa kukua kata lote libaki sentimita 5, zoa makapi yote, mwagilia mara moja. Marando uliyokata usiyatupe. Chagua yenye vifundo vitatu au vinne, yalaze kwenye trei ya mchanga uliolowa huku vifundo viwili vikiwa vimebanwa chini, na kwa wiki mbili hadi tatu yatakuwa na mizizi ya kuzibia mapengo yote.